Siki haiishii pH 7

Wanafunzi wengi wa kemia hushika kwamba asidi ikishamalizwa na besi, pH (kipimo cha uasidi) lazima iwe 7. Hiyo ni kweli kwa asidi kali na besi kali tu, mathalani HCl (asidi hidrokloriki) na NaOH (sodiamu haidroksaidi).

Chukua siki nyeupe ya kachumbari kutoka duka lolote la Lamu, ya asilimia 5. Pima 12 ml, ongeza maji hadi 100 ml. Utapata takriban 0.1 M (moli 0.1 za asidi kwa lita). Weka 25 ml kwenye chupa, NaOH ya 0.1 M kwenye bureti (mrija wenye alama za ujazo na bomba la kufungia chini), kisha iachie iingie kidogo kidogo.

Mwanzo pH ni 2.9. NaOH ikiingia 12.5 ml, nusu ya asidi imeshageuka asetati (chumvi ya asidi ya siki), kwa hiyo pH = pKa (kipimo cha ukali wa asidi) = 4.76. Ikifika 25 ml asidi imekwisha, lakini asetati iliyobaki, 0.05 M sasa maana ujazo umeongezeka maradufu (hapa ndipo wengi huteleza), ni besi dhaifu:

Kb (nguvu ya besi) = 10⁻¹⁴ ÷ Ka (nguvu ya asidi) = 10⁻¹⁴ ÷ 1.74×10⁻⁵ = 5.7×10⁻¹⁰
[OH⁻] = √(0.05 × Kb) = 5.3×10⁻⁶
pH = 8.7

Ukitumia methili oranji, kiashiria kinachomaliza kugeuka rangi kwenye pH 4.4, utafunga bureti karibu na 8 ml. Tumia finofthalini, kiashiria kinachogeuka karibu na pH hiyo ya 8.7.