Gari la 4x4 Lililotumika kwa Porini na kwa Kuvuta Trela: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mnunuzi anayeingia kwenye yadi ya magari Dar es Salaam au Nairobi akiulizia gari la porini lenye uwezo wa kuvuta hupewa majibu mengi ndani ya dakika chache, na karibu yote hutaja chapa, ukubwa wa injini na jinsi gari lilivyoinuka kutoka ardhini. Uzito, breki na hali ya chasisi hutajwa mara chache, ingawa hayo ndiyo yanayoamua kama gari litaifanya kazi. Tena kazi zenyewe ni mbili, na zinagombana: kupita porini hutaka gari jepesi linaloshika ardhi vizuri, na kuvuta hutaka gari zito na refu kiasi, lenye breki imara na mfumo wa kupoza usiolemewa. Dhana nyingi zinazozungumzwa hapa chini hutokana na kuzichukulia kazi hizo kuwa moja.

"Likiwa na nembo ya 4WD, litafika popote"

Nembo hiyo hubandikwa kwenye magari yenye mifumo inayotofautiana sana. Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Honda CR-V na Toyota Harrier za miaka ya karibuni zisizo za haibridi huendeshwa zaidi na magurudumu ya mbele, na yale ya nyuma huletewa nguvu na klachi ya umeme pindi ya mbele yanapoanza kuteleza. Kwa barabara ya vumbi au tope la wastani mfumo huo unatosha, na mtu asiyekwenda mbali zaidi ya hapo hana sababu ya kulipia gari zito. Shida huanza kwenye mchanga mwingi au mlima wa mawe, ambako klachi hiyo hufanya kazi mfululizo hadi ikapata moto, kisha kompyuta ikaikata ili kuilinda, na gari likabaki la magurudumu mawili mahali pabaya kuliko pote. Hata kitufe cha LOCK, kinachoifunga klachi hiyo, si suluhisho la kudumu. Kwenye RAV4 ya kizazi cha tatu hujifungua chenyewe kasi ikikaribia kilomita 40 kwa saa.

Kinacholitofautisha gari la porini ni transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) yenye gia nzito, ile inayoandikwa 4L au L4. Kwenye Land Cruiser Prado, gia hiyo huzidisha nguvu inayofika magurudumuni karibu mara mbili na nusu, na kupunguza mwendo kwa kiwango hichohicho. Wengi huifikiria wakati wa kupanda, lakini thamani yake huonekana zaidi wakati wa kuteremka, kwa sababu gari hushikiliwa na injini na breki hazipati moto. Mwenye boti pia anaihitaji: kuliondoa trela majini kwenye mteremko wa mchanga ulioloa kwa gia ya kawaida ni njia ya uhakika ya kuunguza klachi.

Ukubwa wa gari hausemi lolote kuhusu jambo hili. Suzuki Jimny, pamoja na udogo wake, ina chasisi ya ngazi (fremu ya chuma iliyo peke yake chini ya bodi), ekseli nzima mbele na nyuma na gia nzito, hivyo hupita mahali ambapo Harrier hukwama. Lakini Jimny ya sasa inaruhusiwa kuvuta kilo 1,300 tu, tena trela likiwa na breki zake. Suzuki Escudo iliyoanza kutengenezwa mwaka 2005 inaonekana kama gari la kupelekea watoto shule, kumbe matoleo yake mengi yana gia nzito na difu ya kati inayofungwa, yaani ile inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti. Ni miongoni mwa magari yanayodharauliwa bila sababu sokoni.

Kuna pia kosa la upande wa pili. Hilux na Land Cruiser za familia ya 70 hazina difu ya kati, kwa hiyo 4H (4WD kwa gia ya kawaida) ikiwekwa kwenye lami kavu, ekseli ya mbele na ya nyuma hushindana kila gari linapokata kona, na mkazo huo huishia kwenye transfa, shafti na matairi. Muuzaji anayejisifu kwamba gari la aina hiyo lilikuwa likitembea kwenye 4WD muda wote, barabara yoyote, amekupa sababu ya kuomba punguzo kubwa au kuondoka.

"Injini kubwa ndiyo inayovuta"

Injini maarufu kuliko zote katika barabara mbovu za Afrika Mashariki huenda ni 1HZ ya Land Cruiser: dizeli, silinda sita, cc 4,164, bila turbo. Nguvu yake ya mzunguko ni takriban Nm (newton-mita) 285. Injini ya 1GD yenye cc 2,755 na turbo, iliyoanza kuwekwa kwenye Prado za soko la Japani mwaka 2015, hutoa Nm 450. Ile ndogo, kwa maneno mengine, inavuta zaidi kwa mbali. Sifa ya 1HZ ni uvumilivu na urahisi wa kutengenezwa na fundi asiye na kompyuta, jambo ambalo kwa anayefanya kazi Loliondo au Marsabit lina uzito kuliko mwendo. Anayetaka kuvuta trela zito kwa kasi ya magari mengine barabara kuu atachoka nayo mapema.

Kati ya mwaka 2007 na 2015 Japani haikuuziwa Prado za dizeli, kwa hiyo Prado nyingi za miaka hiyo zilizotoka huko ni za petroli ya cc 2,700 zenye takriban Nm 246, katika gari linalozidi tani mbili likiwa tupu. Ni injini tulivu na isiyo na makuu. Lakini ifungie trela la tani mbili, kisha upande Mlima Kitonga kuelekea Iringa, na utapanda kwa gia ya pili huku ukiitazama geji ya joto. Kwa Kenya, ambako gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, mnunuzi anayeagiza leo anaweza kupata 1GD moja kwa moja, mradi akumbuke kwamba ina chujio la masizi kwenye bomba la moshi ambalo huziba gari likizungushwa mjini tu kwa safari fupi, na ambalo linahitaji dizeli safi.

Hata nguvu ikiwepo, kuvuta ni hesabu ya uzito kabla ya kuwa suala la injini. Land Cruiser 70 zinazouzwa Australia zinaruhusiwa kuvuta kilo 3,500, na tarakimu hiyo hurudiwa na madalali kana kwamba ni ya kila Land Cruiser na ya kila hali. Tarakimu hiyo ni ya trela lenye breki zake. Kwa trela lisilo na breki, kikomo cha kawaida kwa magari mengi ya aina hii ni kilo 750, na matrela mengi yanayochomelewa mitaani kwetu hayana breki yoyote. Mlimani Kitonga, wakati wa kurudi, breki za gari peke yake ndizo zinazosimamisha tani zote.

Kisha kuna uzito unaokaa juu ya chuma cha kuvutia. Ili trela lisiyumbe, karibu asilimia 10 ya uzito wake inapaswa kulalia nyuma ya gari. Trela la kilo 2,000 huweka kilo 200 pale, na kilo hizo huhesabiwa kama mzigo uliobebwa. Tuchukue gari ambalo uzito wake wa juu unaoruhusiwa, ukitoa uzito wake likiwa tupu, unabakiza kilo 650. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Ngao ya chuma ya mbele ni kilo 60, keria ya juu ni kilo 40, jerikeni mbili za lita 20 za dizeli ni kilo 34 bila kuhesabu madebe yenyewe. Ongeza kilo 200 za trela na umefika 684, kabla ya begi hata moja. Gari la namna hiyo huonekana lipo sawa kwa sababu springi zimebadilishwa na kuongezwa ugumu, lakini springi mpya haibadilishi kikomo cha ekseli wala cha breki.

"Otomatiki haifai"

Dhana hii ilikuwa na ukweli zamani, lakini sasa sivyo. Giaboksi ya otomatiki ya kawaida huanza kuvuta mzigo taratibu na haina klachi ya kuunguza, na mchangani haipotezi mwendo wakati wa kubadili gia. Adui yake ni joto. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia, kama gari linacho: mafuta meusi yenye harufu ya kuungua yanaeleza historia ambayo muuzaji hataieleza. Giaboksi ya CVT, otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, ni habari nyingine, na kwa kuvuta trela zito ni bora iachwe.

"Kilomita chache na jina la Toyota vinatosha"

Jina haliondoi udhaifu wa injini fulani. Dizeli ya 1KZ-TE iliyofungwa kwenye Prado na Surf za miaka ya 1990 inajulikana kwa silinda hedi kupasuka ikipata joto kupita kiasi, na hakuna kinachoileta katika joto hilo haraka kuliko kuvuta mzigo mlimani na rejeta iliyoziba nusu. Nissan Patrol zenye injini za ZD30 za mwanzo zina sifa mbaya ya kuharibu pistoni, wakati TD42 iliyokaa chini ya boneti ya aina hiyohiyo ya gari inaheshimiwa kote. Ni heri kuulizia msimbo wa injini kuliko kuulizia chapa.

Kilomita nazo hurudishwa nyuma, na hata zikiwa za kweli hazisemi zilitembelewa wapi. Gari kutoka Hokkaido au kaskazini mwa Honshu huenda limetembea kidogo, lakini barabara za huko hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hula chasisi kimyakimya. Yaliyotoka Uingereza yana tatizo hilohilo. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani, herufi S huonyesha kutu na C huonyesha chuma kilicholika, na daraja la R humaanisha gari lililopata ajali likatengenezwa. Mnunuzi ana haki ya kuiomba karatasi hiyo. Kwa upande mwingine, gari la shirika lenye kilomita 250,000 na kumbukumbu kamili za gereji linaweza kuwa salama zaidi kuliko lenye 80,000 zisizo na ushahidi, ingawa magari ya utalii yaliyopigwa na mashimo ya Serengeti kwa miaka mingi yanahitaji kuchunguzwa nyufa kwenye vishikizo vya springi na shokapu.

"Liinuliwe, lifungwe matairi mapana"

Kuinua gari husaidia kupita juu ya mawe, na wakati huohuo hupandisha kitovu cha uzito, hubadilisha pembe za shafti na kulifanya gari liyumbe zaidi likiwa na trela. Inchi mbili zinavumilika. Zaidi ya hapo mnunuzi ananunua majaribio ya mtu mwingine. Matairi makubwa kuliko ya kiwandani nayo huirefusha gia, hivyo gari linalovuta hupoteza nguvu palepale inapohitajika, na spidometa husoma chini ya mwendo halisi. Mchangani, kinachosaidia zaidi ni kupunguza upepo hadi psi 18 au 20, kwa sababu tairi hulala na kuacha alama ndefu zaidi ardhini; mtu mwenye geji ya upepo na pampu ndogo ya kurudishia hahitaji tairi pana. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata baada ya mvua, tairi jembamba lenye meno ya wazi mara nyingi hushinda pana, kwa kuwa hukata hadi penye ugumu.

Na mkonga wa kuvutia hewa haulifanyi gari kuwa boti. Huizuia injini isinywe maji endapo viungo vyake vyote vimezibwa sawasawa, lakini difu, giaboksi na nyaya za umeme zina mahali pao pa kuingizia maji. Legeza kwanza boliti ya kujazia mafuta ya difu, iliyo ubavuni, kisha ile ya kumwagia: mafuta yaliyogeuka rangi ya maziwa yanaonyesha kwamba gari lilivuka mto na halikuhudumiwa baadaye.

Kabla ya kulipa

Lala chini ya gari ukiwa na tochi na bisibisi, ugonge chasisi kuanzia vishikizo vya springi za nyuma hadi mahali chuma cha kuvutia trela kilipofungwa. Kama kimechomelewa moja kwa moja kwenye chasisi badala ya kufungwa kwa boliti, uliza nani alifanya na kwa kipimo gani. Rangi nyeusi mpya chini ya gari la miaka kumi na tano inastahili kukwaruzwa. Linganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye kadi ya gari au logbuku. Kisha omba uwanja wa vumbi, uweke 4H, halafu 4L, gari likiwa limesimama, upande na kushuka polepole ukisikiliza. Gia nzito ambayo haijawekwa kwa miaka mara nyingi hukataa kuingia, na dalali atakuambia kwamba ni kawaida. Gharama ya kuifungua transfa ipunguzwe kwenye bei siku hiyohiyo, kwa maandishi.