Klabu ya waokoaji wa mawimbini ni nini?

Ni chama cha watu wanaojitolea kulinda waogaji kwenye ufukwe wenye mawimbi makubwa. Wanachama hufunzwa, hupimwa, kisha hupangiwa zamu bila malipo. Mlinzi wa ufukwe anayelipwa mshahara ni mwingine, hata kama wanasimama mchanga mmoja.

Chimbuko lake ni Sydney, Australia. Kuoga baharini mchana kulikuwa marufuku kwa sababu za staha. Marufuku ilipolegea, ufukwe wa Manly ukiruhusu mwaka 1903, watu wakamiminika majini bila kuujua mkondo wa kurudi: maji yaliyorundikwa ufukweni na mawimbi hutafuta mfereji wa kutokea, yakamchukua mtu mpaka kilindini. Anayeshindana nao uso kwa uso huishiwa nguvu. Inafaa kuogelea kandokando ya ufukwe hadi utoke. Klabu ya Bondi, ufukwe mwingine wa Sydney, iliundwa Februari 1907, ingawa majirani zao wa Bronte hushikilia kuwa wao walitangulia, mwaka 1903. Oktoba 1907 ukaundwa umoja wa klabu hizo.

Kilichozipa klabu sura yake ni gurudumu la kuzungushia kamba ndefu, lililoonyeshwa Bondi Desemba 1906. Muokoaji mmoja alivaa mkanda uliofungwa kamba na kuogelea. Nyuma yake wenzake walisimama mstari mmoja wakiinua kamba juu ya mawimbi, na mmoja alibaki kwenye gurudumu. Mwenye mkanda alipomshika anayezama, aliinua mkono, ndipo wavutwe. Hapo palihitaji mazoezi mengi: kamba ikivutwa kwa pupa, wote wawili walizamishwa, ikinasa mwani, ililemea na kumdidimiza aliyevaa mkanda. Ndiyo maana baadaye ukaja mkanda unaofunguka upesi.

Tarehe 6 Februari 1938, mawimbi mfululizo yalizoa mamia ya watu Bondi. Waogaji wenye hofu walizing'ang'ania kamba zenyewe, zikashindwa kuvutika. Watu 5 walikufa. Waliobaki waliokolewa kwa kuwa makumi ya wanachama walikuwa ufukweni siku hiyo.

Wanawake walizuiwa kuwa waokoaji kamili hadi mwaka 1980, dhuluma isiyo na utetezi.

Leo boti za mpira zimechukua nafasi ya gurudumu. Lakini kazi ya kwanza ya zamu ni kuyasoma maji na kusimika bendera mbili za nyekundu na njano mbali na mkondo, ili watu waogelee kati yake. Mchanga ukihama, nazo huhamishwa.