Maji Kidogo Kila Jioni Ndiyo Yanayoua Maua ya Jangwani

Kazi yangu ni kupanga na kutunza bustani, na ingawa kitalu changu cha miche kiko Nairobi, simu nyingi ninazopigiwa siku hizi hutoka Lodwar, Garissa na Wajir, miji ya nchi kavu ya kaskazini mwa Kenya, ambako watu wamejenga nyumba, shule na hoteli na sasa wanataka maua mbele ya mlango. Malalamiko yao hufanana: miche ilinunuliwa Nairobi, ikasafirishwa usiku isichomwe na jua, ikapandwa kwa samadi tele, ikamwagiliwa kila jioni bila kukosa, na baada ya wiki chache majani yakakauka kuanzia kingoni kama karatasi iliyopitishwa motoni. Anayenipigia huwa amekwisha kulihukumu jua. Jua lina lawama yake, lakini katika bustani nyingi nilizozichunguza nimekuta kwamba kilichoyaua maua ni namna yalivyonyweshwa.

Sisemi haya kwa kujigamba, kwa maana bustani yangu ya kwanza ya Lodwar niliiua vivyo hivyo. Nilikwenda na mazoea ya Nairobi, mji ulio katika kimo cha karibu mita 1,800, ambako joto la mchana ni nadra kufika nyuzi 30 na mvua ya mwaka hukaribia milimita 1,000. Lodwar iko katika kimo cha takribani mita 500, joto la mchana huzunguka nyuzi 35 karibu mwaka mzima, na mvua ni kama milimita 200 tu. Hewa yenyewe huko inaweza kunyonya zaidi ya milimita 2,000 za maji kwa mwaka, yaani mara kumi ya kile ambacho mawingu hutoa. Nilizijua tarakimu hizo kabla ya kusafiri, ila sikuwa nimekaa chini nikazipigia hesabu katika kitalu kimoja cha maua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Lita moja ikimwagwa juu ya mita moja ya mraba hufanya kina cha milimita moja. Mtu anayemwaga lita 4 kila jioni ameweka milimita 4, na katika udongo wa kichanga hizo hulowesha kama sentimita 5 za juu, ambazo kufikia jioni ya pili hewa imekwisha kuzichukua. Mizizi hufuata unyevu, kwa hiyo mche hutandaza mizizi yake yote katika tabaka hilo jembamba, ambalo pia ndilo tabaka linalochemka, kwa kuwa uso wa mchanga mtupu wa jangwani unaweza kupita nyuzi 60 adhuhuri. Mtu huyo kwa wiki ametumia lita 28. Lau angemwaga lita 25 kwa mara moja, yaani debe na robo, maji yangeshuka hadi sentimita 30 hivi, mizizi ingeyafuata huko chini kwenye ubaridi, na bado angebakiwa na lita 3.

Upo ubaya wa pili usioonekana mapema, nao ni chumvi. Maji ya visima vingi vya nchi kavu yana chumvichumvi, na mmea hunywa maji ukaiacha sehemu kubwa ya chumvi udongoni. Tuchukue maji yenye gramu moja tu ya chumvi kwa lita, ambayo mtu huyanywa bila kukunja uso sana: lita 25 kwa wiki huacha gramu 25, na mwaka ukiisha mita moja ya mraba imepokea kilo 1.3. Ukimwagilia juu juu, chumvi hiyo hubaki pale pale mizizi ilipo, kisha unaona utandu mweupe juu ya udongo na majani yanayoungua kingo. Watu wengi wakiona hivyo huongeza samadi ya mbuzi, ambayo nayo ikiwa mbichi ina chumvi zake, na mgonjwa hupewa dozi ya pili ya sumu ile ile. Mimi hutumia samadi iliyooza kwa miezi kadhaa, na kila mwezi au miezi miwili humwaga mara mbili ya kipimo cha kawaida ili maji yaisukume chumvi chini ya mizizi. Wenye mipira ya matone, ile yenye vitundu vinavyodondosha maji polepole kwenye mmea, wajue kwamba chumvi hujikusanya pembezoni mwa duara la unyevu, hivyo manyunyu mepesi ya kwanza yakija huirudisha chumvi hiyo kwenye mizizi. Siku hiyo, hata kama jirani atakucheka, fungulia matone mvua ikinyesha.

Kwa vitanda vidogo nimeishia kuupenda mtungi wa udongo usiopakwa rangi wala kung'arishwa. Unauzika hadi shingoni, unaujaza maji na kuufunika mdomo mbu wasizae humo, nayo maji hupenya ukutani polepole kwa kadiri udongo wa nje unavyokauka. Mbinu hii iliandikwa nchini China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Maua hupandwa kuuzunguka, si mbali zaidi ya sentimita 30, na juu hutandazwa nyasi kavu au kokoto kama matandazo. Penye maji ya chumvi vitundu vya mtungi huziba baada ya muda, na hapo hauna budi kuchimbuliwa, kulowekwa na kusuguliwa kwa brashi, kazi ambayo vijana wangu wa bustani huichukia.

Kuhusu maua yenyewe, bogainvilea ndiyo inayofundisha vizuri zaidi. Kile tunachokiita ua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua halisi ni kile kijimrija cheupe kilicho katikati. Bogainvilea iliyokwisha kushika mizizi, ikinyweshwa kila siku na kulishwa samadi, huwa kichaka cha kijani kisicho na haya, lakini ukiiacha mpaka majani yaanze kulegea ndipo uipe maji mengi, hujaa rangi. Waridi la jangwani, ambalo wataalamu huliita Adenium obesum, ni mwenyeji wa nchi kavu zetu. Huhifadhi maji katika shina lake nene na huweza kuchanua likiwa halina hata jani moja. Linaoza upesi likinyweshwa mno, hivyo lipewe changarawe nyingi. Utomvu wake ni sumu iliyowahi kupakwa kwenye mishale, kwa hiyo watoto waonywe, ingawa kwa sababu hiyo hiyo mbuzi hulipita, jambo ambalo pale Lodwar si dogo. Vinka ya Madagaska, ya ukoo huo huo, huvumilia joto na kuchanua miezi mingi. Zinia nazipanda kwa mbegu papo hapo, kwa sababu hazipendi kuhamishwa, na hizi huhitaji maji kila baada ya siku mbili au tatu. Haidranjia, maua yanayotaka ubaridi na maji mengi, nimekataa kuziuza kwa mteja yeyote wa upande huo.

Miche ya Nairobi inaweza kufaulu, ila isitolewe kwenye kivuli cha kitalu na kupelekwa moja kwa moja. Huianika juani polepole kwa wiki mbili, huku nikirefusha muda kati ya kumwagilia na kumwagilia, kisha huipanda jioni na kuifunika kwa neti ya kivuli wiki za mwanzo. Katika wiki hizo huinywesha mara kwa mara, kwa kuwa mizizi bado ina umbo la mfuko, na nafasi kati ya maji na maji huongezwa kidogo kidogo. Upande unaotoka upepo, safu ya mwarobaini hutosha.

Kifaa ninachobeba safari zote ni kipande cha nondo ya milimita 8, chenye urefu wa nusu mita, nilichokikwangua alama kila sentimita 5. Asubuhi baada ya kumwagilia, kisukume udongoni kwa mkono: penye unyevu huteleza, na kikifika kwenye mchanga mkavu hukwama. Wateja wangu wa Garissa na Lodwar kila mmoja nimemwachia chake, na siku hizi mtu akinipigia kuniambia kwamba maua yanakauka, namwomba kwanza anisomee nondo imekwama kwenye alama ya ngapi. Mara nyingi jibu huwa ni alama ya kwanza.