Shimo jeusi halifyonzi galaksi, jamani

Juzi kwenye kikao cha harusi huku Ipagala mweka hazina kasoma mapato, bajeti haijafika hata nusu, mwenyekiti akachomekea "hii kamati ni shimo jeusi, inafyonza kila kitu", watu wakacheka halafu wote wakanigeukia, eti mwalimu si ndo kazi yako hiyo, thibitisha. Nikatabasamu kwa heshima ya wazee. Ila ni mara ya nne mwezi huu, kwa hiyo leo naandika.

Mimi nashughulika na ULX, vile vyanzo vya eksirei ambavyo watu huvihesabu vyote kuwa mashimo meusi (vitu vizito ambavyo mvuto wake hauachii hata mwanga), vinavyowaka kupita kiasi na havipo katikati ya galaksi, vimekaa pembeni, mara nyingi kwenye mikono ya galaksi kama NGC 1313 au NGC 7793. Kuingia kwenye kundi lazima chanzo kitoe angalau 10^39 erg (kipimo cha nishati) kwa sekunde, yaani jua letu mara laki mbili na nusu hivi, tena kwenye eksirei peke yake. Watu wakiona picha, chanzo kinawaka na kimezungukwa na gesi, wanahitimisha: kinakula hiyo gesi. Hapo ndo napandwa na hasira.

Piga hesabu nyuma ya risiti tu. Chukua shimo jeusi la uzito wa jua kumi, liweke kwenye gesi ya kawaida, atomu moja ya haidrojeni kwa kila sentimita moja ya ujazo, lipite kwa kilomita 10 kwa sekunde. Eneo ambalo mvuto wake unaweza kuikamata hiyo gesi ni kama mara 180 ya umbali wa hapa mpaka jua. Kwenye galaksi hiyo ni punje ya ulezi. Na mwanga utakaopata kwa kula hivyo ni mdogo kuliko ULX mara laki kadhaa. Lisogeze kwenye wingu zito mara mia, bado una njaa.

Chakula kinatoka kwa nyota mwenza. Zipo mbili zinazungukana karibu karibu, moja inamwaga gesi yake kwa mwenzie, basi.

Sasa kwa nini gesi ipo pale? Kwa sababu nyota kubwa zinazoweza kumwaga kwa kasi hiyo zinakufa zikiwa bado changa, hazijapata muda wa kuhama pale zilipozaliwa, na zinazaliwa kwenye gesi. Nenda saiti yoyote ya ujenzi kule Mtumba utamkuta mama ntilie. Yupo pale kwa sababu saiti ipo, ila hali zege.

Ukweli wenyewe ni kinyume kabisa, hivi vyanzo vinapuliza. Umewahi kusimama kwenye mashine ya kusaga jioni foleni imekuwa ndefu, kijana anataka kuwahi kufunga anamimina debe zima kwa mkupuo? Mashine inalia, unga unaruka, yeye mweupe mpaka kope, na kitenge cha mama aliyekaa mlangoni nacho kimechafuka. Ndo ULX hiyo. Ikimiminiwa kupita kikomo cha Eddington, yaani pale msukumo wa mwanga unapolingana na mvuto, mwanga wenyewe unasukuma gesi nje. 2016 watafiti Pinto na wenzake walionyesha kwenye NGC 1313 X-1, ULX mojawapo ya galaksi ile, kwa data za darubini ya anga ya eksirei XMM-Newton, upepo unaotoka kwa kama asilimia 20 ya kasi ya mwanga. Na kitenge kilichochafuka kipo pia: NGC 1313 X-2 imekaa ndani ya puto la gesi lenye upana wa zaidi ya miaka nuru elfu moja. Mabomu ya kawaida ya nyota, yaani supanova mojamoja, hayatoshi kujaza puto la hivyo, maputo ya aina hii yanahitaji nguvu ya supanova kumi au zaidi.

Kinachonifurahisha zaidi ni S26 kule NGC 7793. Puto kubwa vilevile, linatanuka kwa kama kilomita 250 kwa sekunde, lakini chanzo chenyewe kwenye eksirei ni hafifu, ungekipita bila salamu. Nguvu yake karibu yote inaenda kwenye kusukuma.

Na hata neno "shimo jeusi" tulitumie kwa adabu. Miaka mingi tulibishana kama M82 X-2, ULX ya galaksi ya M82, na wenzake ni mashimo ya uzito wa jua mia au elfu, 2014 ikaonekana inapiga mapigo kila sekunde 1.37. Shimo jeusi halipigi mapigo ya hivyo, ile ni nyota ya nutroni, kiini kilichoshindiliwa cha nyota iliyokufa, kitu kisichofika hata uzito wa jua mbili tatu, inawaka mara mia kupita kikomo chake. Tuliaibika kidogo.

Sasa niseme na ya kwetu. Kiasi cha gesi mbele ya chanzo tunakipima kwa kuangalia eksirei laini (zenye nishati ndogo) zimepungua kiasi gani, kama vile Septemba vumbi likishika hapa Dodoma jua la jioni linabaki jekundu, rangi nyingine zimeliwa njiani. Ile namba tunaiita nH, H ya haidrojeni, lakini kwa nishati zile wanaokula eksirei zaidi ni oksijeni na wenzake, haidrojeni tunaikadiria kwa kudhani mchanganyiko ni kama wa jua letu. Halafu mtu anachukua nH hiyo anailinganisha na ramani ya redio ya sentimita 21, mawimbi yanayotoka kwenye haidrojeni, anashangaa hazifanani! Redio inaona unene wote wa galaksi, mbele na nyuma ya chanzo, eksirei inaona ya mbele tu, na redio hiyo haioni haidrojeni iliyoshikana mbili mbili. Eksirei ikionyesha gesi nyingi kuliko redio, ama kuna wingu baridi njiani, ama ni upepo wa chanzo chenyewe umekizingira. Lipi kati ya hayo? Mara nyingi spektra (mgawanyo wa eksirei kwa nishati) peke yake haisemi, na anayekwambia inasema muulize alitumia modeli gani, yaani fomula gani ya kuifafanua.

Maana modeli ndo mchawi. Usiku huu nimekaa na NGC 1313 X-1 hiyohiyo, nimeweka modeli ya diski peke yake (gesi ya moto inayozunguka chanzo) nH ikashuka, nimeweka pawalo (mstari ulionyooka kwenye mchoro wa logi) ikapanda karibu mara mbili, data ni zilezile na mchoro unapendeza kote kote. Laptop inaunguruma, umeme umeshakatika mara moja, na mwenyekiti kanitumia meseji anauliza mchango wangu uko wapi.