PNG haifufui picha

Kila zinapoandaliwa slaidi za picha za harusi au za msiba, hakosekani mtu wa kusema: "Mbona hazina ubora? Zibadilisheni ziwe PNG." Limeshasemwa mno hilo, tuliweke sawa.

Fomati ni utaratibu wa kuziandika pikseli za picha, yaani vile vinukta vya rangi vinavyoiunda, ndani ya faili. Basi. JPEG ni utaratibu mmoja, PNG mwingine, GIF mwingine tena (huu unaishia rangi 256, tuuachie vikatuni).

Tatizo ni watu kudhani ubora unakaa kwenye herufi za mwisho wa jina la faili. JPEG, kiwango cha mwaka 1992, ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Huigawa picha katika viboksi vya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa yale ambayo jicho haliyakosi sana, hasa vijitofauti vya rangi. Kilichotupwa hakirudi. PNG, iliyotoka mwaka 1996, nayo hubana, ila haitupi kitu. Hapo ndipo watu wanapoteleza: kwa kuwa haitupi, wanadhani itarudisha. Itarudisha kutoka wapi? Ukiipa JPEG iliyochakaa, itautunza uchakavu wote kwa uaminifu, tena kwenye faili kubwa zaidi. Maziwa yakishatiwa maji, kuyahamishia chupa nyingine hakuyatoi maji.

Kuna na wale wa njia ya mkato: wanafuta .jpg, wanaandika .png. Hao hawajabadilisha chochote. Baiti mbili za mwanzo wa faili bado ni FF D8, alama ya JPEG, na programu nyingi huisoma alama hiyo na kuifungua picha kama kawaida, ndiyo maana mtu anaamini amefaulu. Na kwa taarifa tu, .jpg na .jpeg ni kitu kimoja. DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani, ilikuwa haikubali zaidi ya herufi tatu baada ya nukta.

Ukumbini, projekta ya pikseli 1920 kwa 1080 ikipewa picha yenye upana wa pikseli 600, lazima iivute zaidi ya mara tatu ili ijaze skrini. Uso wa bibi harusi unaingia ukungu, na pembezoni mwa shela vile viboksi vinajitokeza. Mara nyingi picha hiyo imetoka WhatsApp: imetumwa, ikahifadhiwa, mwingine akaipiga skrinishoti, ikatumwa tena, na ikabanwa upya.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kamati, msimsumbue kijana wa kompyuta. Mtafuteni mwenye simu iliyopiga picha, azitume upya kama dokumenti, zisibanwe tena. Zikija JPEG, ziacheni hivyo hivyo. Zikija HEIC, fomati nyingine ya picha, kutoka iPhone na kompyuta ya ukumbini ikagoma kuzifungua, hapo sawa, badilisheni fomati, na JPEG inatosha kabisa.