Je, wajua kwa nini santuri ya Kijapani ya mwaka 1977 inasakwa hadi leo?

Mwaka 2017, kituo cha TV Tokyo kilimhoji Mmarekani mmoja aliyetua Japani na kumuuliza kilichomleta. Akajibu kwamba anaitafuta santuri ya Sunshower, albamu ya mwimbaji Taeko Onuki. Ilipotoka Julai 1977, albamu hiyo haikuuzika sana. Mashabiki wengi wa wakati huo walikuwa wakifuata nyimbo za nyota wa televisheni.

Basi ina nini? Mimi naanzia kwenye dramu. Onuki alikuwa ametoka kwenye bendi ya Sugar Babe, iliyovunjika 1976, na safari hii alitaka muziki wenye souli na fanki, mitindo ya Wamarekani weusi. Wanamuziki wa Tokyo walikuwa wanaihusudu bendi ya Stuff ya New York, hivyo akaalikwa mpiga dramu wake, Chris Parker. Msikilize vizuri: hana papara, hajazi kila nafasi kwa mbwembwe. Anaacha mwanya, besi inauingia, na mwili wako unaanza kutikisika kabla hujajua wimbo unahusu nini.

Aliyepanga muziki ni Ryuichi Sakamoto, kijana wa miaka 25, mwaka mmoja kabla hajaingia Yellow Magic Orchestra, bendi ya muziki wa elektroniki iliyompa umaarufu. Vinanda vyake vya umeme vimetanda kila mahali, lakini havimzibi mwimbaji.

Na mwimbaji mwenyewe ndiye siri kubwa. Juu ya mdundo kama ule, mwimbaji wa souli angepaza sauti, angelia, angebembeleza. Onuki hafanyi hivyo. Anaimba kwa sauti nyepesi iliyonyooka, karibu kama anayezungumza na mtu aliyekaa pembeni yake. Katika wimbo "Tokai", yaani jiji, bendi inapiga muziki wa kuchezeka usiku kucha, huku yeye anamsihi mwenzake waachane na maisha hayo warudi nyumbani. Mvutano huo hauchuji hata ukirudia mara ngapi.

Intaneti ilipowafikishia wapenzi wa muziki wa nchi nyingine nyimbo hizi, waliozipenda wakaanza kuitafuta santuri yenyewe, na imechapwa upya zaidi ya mara moja. Onuki naye alishahama: kuanzia albamu ya Romantique ya 1980 aligeukia ladha ya Ulaya, kwa hiyo anayeutaka mchanganyiko ule hana budi kurudi Sunshower.