Geuza kwanza, bei baadaye: kununua malakiti na shaba Lubumbashi

Mgeni anayefika Lubumbashi kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Ndola, akipata nafasi ya kutembea mjini, haachi kukutana na meza zenye vitu vya kijani: mayai, vikuku, tembo wadogo, visanduku, mbao za sataranji. Ni malakiti, jiwe la Katanga, eneo la kusini-mashariki mwa Kongo ambalo Lubumbashi ni mji wake mkuu. Kazi yangu ni kulikata na kuling'arisha, na wageni wengi ninaowaona huuliza bei kabla hawajagusa kitu. Ninawaomba jambo moja: kichukue, kigeuze, tazama chini yake na nyuma yake. Upande wa mbele umetengenezwa ili ukupendeze. Ukweli wa kazi uko upande ambao fundi hakutegemea uutazame.

Malakiti huzaliwa pale madini ya shaba yaliyo karibu na uso wa ardhi yanapokutana na hewa, maji na mawe yenye kabonati. Maji hubeba shaba na kuilaza tabaka juu ya tabaka, moja la kijani kibichi, jingine la kijani kizito karibu na weusi. Ndiyo sababu jiwe hili linapatikana katika ukanda wetu wote wa shaba, kuanzia hapa mjini hadi Likasi na Kolwezi. Shaba ya kwanza ya Union Minière, kampuni ya madini ya Kibelgiji, iliyeyushwa hapa mwaka 1911, na mawe yake yalitoka mgodi wa Étoile, ambao wazee wanauita Kalukuluku.

Kwa kuwa tabaka hizo zimejengwa kwa mpito wa maji, hakuna mistari miwili inayolingana unene. Shika yai la malakiti ulizungushe. Upande mmoja utaona duara ndani ya duara, kama jicho. Upande mwingine duara hizo zinakuwa mistari mirefu, kwa sababu hapo kisu kimekata tabaka zilezile kwa ubavu. Mstari unaofika ukingoni lazima uendelee upande wa pili. Kitu cha bandia, kilichomiminwa kwa resini au plastiki, kina sura moja pande zote, na mara nyingi michirizi yake myeusi imepangwa kwa nafasi sawa mno. Au mchoro unakatika ukingoni, na chini pamefunikwa kwa kitambaa kilichogandishwa na gundi. Kitambaa peke yake si kosa, kinalinda meza. Lakini muulize mwenye mali kama kuna kipande kingine ambacho hakijafunikwa.

Uzito nao hausemi uongo. Malakiti ina uzito unaokaribia mara nne ya maji ya ujazo uleule, wakati resini inayazidi maji kidogo tu. Ukinyanyua yai la bandia, mkono unashtuka kwa wepesi wake. Jiwe la kweli pia ni baridi, na linachukua muda kupata joto la kiganja. Kulikwaruza kwa kisu usijaribu: malakiti ni laini, ugumu wake ni kama 3.5 hadi 4 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho almasi ina 10, kwa hiyo kisu kitaliumiza hata likiwa la kweli, na utakuwa umeharibu mali ya mtu bila kujifunza chochote.

Kuna mambo mawili ambayo wageni huyaita udanganyifu, nami siyaiti hivyo. La kwanza ni kuziba matundu. Malakiti nyingi ina vishimo, na fundi huvijaza kwa unga wa jiwe lilelile uliochanganywa na gundi. Utaviona kama mabaka yasiyo na mistari, yasiyong'aa sawa na sehemu nyingine. Mabaka machache ni kawaida; yakiwa mengi, bei ishuke. La pili ni kubandika. Kisanduku hakichongwi kutoka jiwe moja. Hutengenezwa kwa vipande vyembamba vilivyobandikwa. Hata ukumbi maarufu wa malakiti katika jumba la Hermitage, Saint Petersburg, uliokamilika mwaka 1839, nguzo zake zimevikwa vipande vyembamba vya malakiti ya Ural. Cha kutazama ni maungio. Fundi mzuri hupasua jiwe na kulaza pande zake mbili ubavu kwa ubavu, mistari ikakutana katikati na kuendelea bila kukatika. Kupata jiwe la kukubali hivyo kunamaliza siku nzima, na mengine yanapasuka kwenye diski ya kukatia.

Hapo ndipo ninapokasirika na desturi ya kununua kwa kilo. Mnunuzi anaweka kisanduku kwenye mizani kama muhogo, na fundi aliyepoteza nusu ya jiwe ili mistari ikutane analipwa chini ya yule aliyeacha jiwe nene na baya. Vijana wakiona hivyo wanaacha kukata vizuri. Vumbi la jiwe hili lina shaba na ni sumu kwa mapafu. Anayelikata kwa maji na kujifunga barakoa anatumia muda zaidi, na muda huo haupimwi kwa mizani.

Kuhusu bei, anza na salamu. "Jambo papa, habari ya kazi?" au "Jambo mama" inafungua mazungumzo, na hapa hakuna anayependa kuulizwa bei na mtu asiyemsalimu. Muulize nani alikata na jiwe lilitoka wapi. Anayeijua kazi atakuonyesha kasoro yeye mwenyewe. Dola zinapokelewa pamoja na franga, ila noti ya dola iliyochanika hata kidogo itakataliwa.

Picha za shaba za kupigwa pia zigeuze. Fundi hupiga bamba kutoka nyuma kwa nyundo na patasi butu, kwa hiyo nyuma utaona sura ileile imebonyea, na alama za nyundo zikitofautiana. Ikiwa nyuma hakuna alama yoyote ya nyundo, huenda mashine imebonyeza. Beba sumaku ndogo: shaba haivutwi, chuma kilichopakwa rangi ya shaba kinavutwa.

Misalaba ya shaba inahitaji uangalifu zaidi. Zamani ilikuwa fedha ya nchi hii. Wanaakiolojia waliikuta katika makaburi ya kale huko Sanga, karibu na maziwa ya Upemba, katika uchimbuzi ulioanza mwaka 1957, na bendera ya Katanga ya 1960, ilipojitangaza nchi huru, ilibeba mitatu. Iliyopo sokoni inamiminwa leo, na hilo ni sawa kabisa. Ni kumbukumbu nzuri, inunue kama kitu kipya. Muuzaji akikuambia ni ya mababu, ama anakudanganya, ama anakuuzia kilichotolewa kaburini. Katika hali zote mbili kirudishe mezani. Ya kale ikatazame kwenye Makumbusho ya Taifa hapa mjini.

Pembe za ndovu, hata kikuku chembamba, usinunue. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, na uwanja wa ndege wa Luano au mpakani Kasumbalesa hakuna maelezo yatakayokuokoa. Jiwe ghafi nalo ni madini, lina sheria zake tofauti na kitu kilichochongwa. Uliza hati kabla ya kulipa, na kwa kila ununuzi omba risiti.

Wakati wa kufunga, kila kipande kiwe na gazeti lake. Malakiti mbili zikisuguana njiani zinapoteza mng'ao. Weka chini ya sanduku, na kumbuka uzito wa mzigo kabla ya kununua ubao wa sataranji. Nyumbani, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Siki, ndimu, amonia na maji ya moto vinalila jiwe hili. Na ukinunua kikombe au bakuli la malakiti, liwe pambo tu: kitu chochote kichachu kitakachowekwa humo kitaondoka na shaba, na shaba hiyo itaingia tumboni mwako.